Mzee Anakata Kauli

Mzee alikata kauli katikati ya neno. Mama Chapa alikuwa na vidole juu ya kibodi na mguu kwenye pedali, amefika pale ambapo shahidi anaanza kueleza nani alibadilisha kufuli la nyumba, na ghafla sauti ikanyamaza. Haikuwa kunyamaza kwa mtu anayevuta pumzi. Hata feni ndani ya lile sanduku, iliyozoea kukoroma mchana kutwa, ilikoma.

"Mzee," alisema polepole. "Usinifanyie hivyo leo."

Mzee hakujibu. Mzee alikuwa kompyuta.

Jina hilo alipewa na watu wa nyumbani kwa sababu ya sauti. Mama Chapa hakuwa anaona tangu utotoni, na kompyuta yake ilimsomea kila alichoandika kwa sauti ya kiume, nzito, yenye mikwaruzo. Sauti hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya lugha ya watu wa mbali, kwa hiyo Kiswahili ilikisoma kama mtu anayeongea huku mswaki uko mdomoni. Tena yeye mwenyewe alikuwa ameiharakisha. Kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, aliipandisha kasi mpaka ikafika mahali ambapo mgeni akiingia sebuleni anadhani redio imepoteza stesheni. Wenyeji walishazoea. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika neno. Mama Chapa alishika yote, hadi nukta na mkato.

Yeye alikuwa mpigachapa, na jina lake lilitoka huko. Hakuwa na mtoto wa kuitiwa, basi mtaa ukamwita mama wa kazi yake. Alijifunza shuleni kwenye taipureta ya chuma iliyokuwa ikimuuma vidole, akaajiriwa kupokea simu kwenye ofisi moja, na ofisi ilipofungwa wakamwambia aichukue kompyuta aliyokuwa akiitumia, maana hakuna mwingine angeiweza. Sauti ya Mzee alitiliwa na mwalimu wake wa zamani, ambaye sasa ni marehemu. Mama Chapa aliingia kwa mdogo wake wa kiume na mkokoteni mmoja, nguo zake chini na Mzee juu. Akasema, "Sitakuja kukaa bure." Na kweli hakukaa bure.

Kazi aliipata kwenye ofisi ya usuluhishi. Watu waliokorofishana, ndugu kwa ndugu, mpangaji na mwenye nyumba, mke na mume, hukaa mbele ya wasuluhishi na maneno yao hurekodiwa. Karani wa ofisi humletea Mama Chapa zile rekodi, naye huziandika neno kwa neno. Rekodi huzisikiliza kwa hedifoni kutoka kwenye kichezeo kidogo, akizisimamisha na kuzirudisha nyuma kwa pedali ya mguu. Alichoandika, Mzee humrudishia kwa spika. Masikio yote mawili ni ya watu, spika ni ya Mzee. Aliapa siku ya kwanza kwamba la humo halitoki. Na halikutoka kamwe, ingawa Mzee alilipayuka sebuleni kila siku kwa sauti kubwa.

Sasa Mzee alikuwa anamwaibisha. Aliuchomoa waya ukutani, akasubiri, akauchomeka tena. Mzee kuwaka kulikuwa shughuli. Wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuwa na mazoea ya kuosha vyombo vyote na kuvipanga kabatini kabla Mzee hajasema neno la kwanza.

"Amekata tena?" wifi aliuliza kutoka jikoni.

"Amekata na ukurasa mzima."

"Wifi yangu, si ungekuwa unahifadhi kila mara?"

"Nikimwambia ahifadhi ndipo anapokata."

Wifi akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akarudi kwenye masufuria yake.

Mchana huo karani akaja kuchukua kazi, akaikuta nusu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtia Mama Chapa hofu. Mtu akija na kelele unamjibu. Huyu alikaa kwenye ukingo wa kiti, akakohoa, akasema, "Mama, mimi sina neno. Ila mkubwa wangu ameanza kuuliza. Kuna kijana mmoja kule mjini, anaandika haraka, na mashine yake mpya."

"Kijana huyo ameapa?"

"Ataapishwa, mama."

"Umempa mkubwa salamu zangu?"

"Nampa kila siku. Lakini salamu haziandikiki." Akainuka. "Rekodi hii ya kufuli imalizike. Na rekodi zinazokuja usinicheleweshee. Tengeneza hiyo kompyuta, au nunua nyingine, mimi sijui. Ila ufanye kitu."

Alipoondoka, Mama Chapa alibaki ameshika ukingo wa meza. Akipoteza kazi ile atabaki kuwa dada wa kulishwa, mwenye kuulizwa kama ameshiba. Mdogo wake hatasema lolote. Wifi hatasema lolote. Na ndicho alichokiogopa, kule kutosema kwao.

Kwa hiyo wifi akamwita fundi wa kompyuta, kijana aliyetembea na mkoba uliolia misumari. Akabisha hodi, akakaribishwa, akabonyeza kitufe cha Mzee na kusimama mbele ya kioo. Akasubiri. Akagonga kioo kwa kidole.

"Dada, hii imekufa," akamwambia wifi.

"Haijafa," Mama Chapa alisema. "Inawaka. Msikilize feni."

"Kioo ni cheusi, dada," fundi akamwambia wifi tena.

"Kioo kiliungua zamani," Mama Chapa akajibu. "Sikuwahi kuwa na shida nacho."

Fundi akaacha kugonga kioo. Kisha akainama upande wa wifi na kuteremsha sauti, kama watu wanavyofanya wakidhani asiyeona ni kiziwi pia. "Sasa huwa anaangalia wapi?"

"Muulize mwenyewe," wifi akasema. "Yuko hapo hapo, na masikio yake yanatushinda sote."

Wakati huo huo Mzee akamaliza kuamka na kutoa maamkizi yake, mkoromo mmoja mrefu wenye mikwaruzo. Fundi aliruka na bisibisi ikamponyoka, ikabingirika chini ya kochi.

"Nini hicho?"

"Anakukaribisha," Mama Chapa alisema.

Fundi alipofungua sanduku, vumbi lililotoka lilimfanya apige chafya mpaka akashika ukuta. "Humu ndani mnaweza kupanda mchicha," alisema. Akapuliza, akasugua kwa brashi, akamulika na tochi. Halafu akaanza kueleza, na kila alichoeleza alimweleza wifi. Kwamba diski imechoka ila inaweza kubadilishwa. Kwamba memori inaweza kuongezwa. Kwamba mfumo ni wa kizamani, nao inafaa uondolewe uwekwe mpya, na hapo mashine itakimbia.

"Na sauti?" Mama Chapa aliuliza.

"Sauti gani?"

"Hiyo iliyokukaribisha."

Fundi akakuna kichwa. Mtu hata asipoona, husikia kichwa kikikunwa. "Hiyo haitaingia kwenye mfumo mpya, da…" Akajikata mwenyewe. "Mama. Hiyo ni programu ya zamani sana. Nikiuacha mfumo wa zamani nitabadilisha diski tu, na sauti itabaki. Lakini kuna vidude vidogo hapa kwenye bodi kubwa, kama vibati. Vimevimba. Ndivyo vinavyomzima akipata joto. Hivyo sivibadilishi mimi, na sijui anayevibadilisha."

"Kwa hiyo nikimtengeneza atakufa, na nisipomtengeneza atakufa."

"Ukimtengeneza atakufa akiwa na kasi," fundi alisema, bila utani wowote.

Mama Chapa alimwomba ampe siku mbili tatu afikirie. Vumbi lilipotoka, Mzee akapata nafuu kidogo. Akadumu asubuhi nzima kabla ya kuzima. Ilikuwa nafuu ya kumtia mtu hasira, maana ilimzuia kukata tamaa.

Mdogo wake hakuwa mtu wa kufikiri siku mbili tatu. Alikuwa mpaka rangi wa magari, na gari lolote alilipima kwa bodi yake. Kila aliporudi kazini, ananuka rangi na msasa, alimpiga Mzee kofi la ubavuni na kusema, "Dada, kitu kikibabuka namna hii nje, ndani usiulize."

"Mimi sijaona kilivyobabuka."

"Ndiyo nakwambia mimi niliyeona."

Siku ya pili baada ya fundi kuja, alirudi mapema na boksi chini ya kwapa. Akaita watu wote sebuleni, yaani mkewe na dada yake, kwa kuwa wengine hawakuwepo. Akaweka boksi mezani mbele ya Mzee, akachana gundi ya nailoni kwa ufunguo wa nyumba, na kumpakatisha dada yake kitu chepesi, laini, baridi, chembamba kama sahani.

"Mpya," alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kuigusa. Na ngoja usikie."

Akabonyeza, na kompyuta ile ikasema, kwa sauti ya msichana, taratibu na kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba iko tayari.

Wifi alipiga makofi. "Mama yangu. Anaongea kama bibi harusi."

Jina likabaki hapo hapo.

"Niliwaambia dukani nataka sauti inayoeleweka," mdogo wake alisema, na furaha yake ilijaa chumba chote. "Nikawaambia, dada yangu anateswa na babu mmoja asiyejulikana anasema nini. Nikawasikilizisha hadi wale wauzaji wote, kila mmoja akasema anamwelewa. Sasa hata sisi tutakuwa tunasikia, dada. Hutakuwa peke yako tena."

Mama Chapa alipapasa kibodi. Vitufe vilikuwa bapa, vimebanana, havina mgongo. Aliandika jina lake na Bibi Harusi akalitamka, vizuri kabisa, kama mtu anayemsomea mtoto. Akaandika sentensi. Bibi Harusi akaisoma yote kwa utulivu. Ilikuwa sawa na kutembea nyuma ya watu wanaokwenda kwa kujivuta kwenye njia nyembamba. Kila kitu kilikuwa wazi na hakuna kilichosogea.

"Asante, mdogo wangu," alisema.

"Ngoja tumjaribu na kazi yenyewe." Mdogo wake alichukua flashi iliyokuwa mezani, ambayo dada yake alikuwa amehifadhia ile kazi ya kufuli, akaichomeka. Mama Chapa alisikia mlio wa kuchomekwa na akanyoosha mkono, lakini Bibi Harusi alishaanza.

"Mimi ndiye niliyemzaa," alisoma kwa sauti tamu, safi, iliyofika jikoni na kurudi. "Nyumba ile nimeijenga kwa kuuza mboga, nikipita mlango kwa mlango. Siku hiyo nilirudi na beseni langu kichwani, nikakuta mwanangu amebadilisha kufuli. Nililala kibarazani kwangu mwenyewe."

Mama Chapa alipata kifuniko cha ile kompyuta na kukibamiza. Sauti ikakatika.

Kisha wifi akasema polepole, "Si yule mama wa mboga?"

"Hukusikia kitu," Mama Chapa alisema.

"Wifi, yule anayetuletea mchicha? Na mwanawe yule, yule anayetusalimia kwa adabu?"

"Nimesema hukusikia kitu."

"Sitasema kwa mtu. Haki ya nani, sitafungua mdomo."

Na kweli wifi hakufungua mdomo, kwa maana ya kusema. Lakini asubuhi iliyofuata mama wa mboga alibisha mlangoni kama kawaida yake, na Mama Chapa, aliyekuwa mezani, alisikia yote. Kila siku wifi na mama huyo walikuwa na ugomvi wao wa kudumu. Wifi husema mchicha umenyauka, mama wa mboga husema ulionyauka ni uso wa anayeutazama, wanavutana fungu, wanaagana wamefurahi. Siku hiyo wifi hakuvutana.

"Karibu, mama. Pole na jua," alisema kwa sauti laini ya msibani. "Nipe mafungu mawili. Nipe matatu. Keti kwanza, upumzike. Umelala salama lakini?"

Mafungu yakaacha kuhesabiwa.

"Kwa nini nisilale salama?" mama wa mboga aliuliza.

"Hapana, nauliza tu."

"Unaniuliza nimelala vipi. Tangu lini?"

"Basi tu, mama. Binadamu tunajuliana hali."

Mama wa mboga alipokea alicholipwa bila neno, na nyayo zake zikaondoka taratibu kuliko zilivyokuja. Mama Chapa alikuwa ameziba uso kwa viganja. Huruma ile ilinuka kama moshi. Mtu yeyote mwenye jambo lake angeisikia.

"Nilisema kitu?" wifi aliuliza alipoingia, na mchicha wa kulisha kijiji mkononi. "Sikusema kitu."

"Ungemtukania mchicha wake ingekuwa afadhali."

"Ningewezaje? Nikimwona naona kibaraza."

Jioni hiyo mdogo wake alikuta Bibi Harusi amerudishwa ndani ya boksi, na boksi limewekwa juu ya kabati. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Dada, umenirudishia?"

"Nimeihifadhi."

"Imekukosea nini? Haizimi. Haikoromi. Inasema kila neno."

"Hilo ndilo kosa lake."

"Sikuelewi. Kweli, dada, sikuelewi. Unang'ang'ania maiti. Mtu anakununulia kitu kizuri, unakaa na sanduku linalokufa kila saa, halafu unakasirika na sisi."

Mama Chapa alitafuta namna ya kulisema bila kumuumiza, akaikosa. "Kompyuta mnayoielewa nyote haiwezi kuwa yangu," alisema. "Watu wananipa aibu zao. Miaka yote nimekuwa nikizisoma hapa katikati yenu, mnapita, mnakula, mnacheka, na hakuna aliyejua. Mzee alikuwa mlango wangu. Wewe umeninunulia dirisha."

"Basi vaa hedifoni."

"Hedifoni zina rekodi."

"Tia vyote viwili humo humo."

"Nimejaribu leo. Mama mmoja analia sikioni, na Bibi Harusi anamsomea juu yake. Niliandika maneno ya Bibi Harusi mara mbili na ya mama yule sikuyaandika."

"Basi tukupe chumba."

"Kipi?" Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na yeye kitanda chake kilikuwa sebuleni, nyuma ya pazia. Mdogo wake alivua viatu, akavitupa kimoja kimoja, na kwenda kuoga. Alipaka sabuni kwa muda mrefu. Wifi alipomwita chakula alisema hana njaa, kisha akala.

Siku tatu zilizofuata Mama Chapa alifanya kazi na Mzee kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani. Aliandika mistari michache, akahifadhi, akasubiri, akaandika. Mzee alimkatia ile sehemu ya kufuli, akaiandika upya, akamkatia tena. Karani alituma salamu kwa simu. Zilikuwa salamu fupi.

Akamwita fundi. Safari hii fundi alisimama mbele yake mwenyewe. "Mama, umeamua nini? Diski?"

"Ukimtia diski, vile vibati vitapona?"

"Havitapona."

"Basi usimtie kitu. Usimguse." Akageukia kabati. "Niambie jambo moja. Huyu msichana wa kwenye boksi, mwendo wake unapandishwa?"

"Unapandishwa. Lakini kwa nini? Ukiupandisha haeleweki."

"Mpandishe nikusikie ukisema haeleweki."

Fundi alimshusha Bibi Harusi kutoka juu ya kabati, akamwonyesha Mama Chapa vitufe vya kubonyeza pamoja ili sauti iende kasi, akamwekea vidole juu yavyo mpaka akavizoea. Alipoondoka, Mama Chapa alimwita wifi.

"Kaa hapo. Uniambie unachosikia."

Akaandika. Bibi Harusi akasoma, kwa kasi ya kawaida: "Wifi ameanza kuzidisha chumvi tangu siku aliyoolewa, na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia."

"Wewe," wifi alisema. "Nani anazidisha chumvi?"

"Umesikia vizuri. Ngoja." Akapandisha. Akaandika jingine. Sauti ikaenda kama mtu anayekimbilia basi.

"Wali. Amesema wali. Wali wangu unafanya nini? Umeungua, ndiyo? Umesema umeungua."

"Ngoja." Akapandisha tena. Bibi Harusi aliacha kuwa bibi harusi, akawa cherehani.

Wifi aliinamisha kichwa. "Sandali… Amesema habari ya viatu?"

"Hakusema habari ya viatu." Akapandisha.

Mdogo wake aliingia, bado amenuna, akakuta mkewe ameweka sikio karibu na meza na dada yake anacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mnafanya nini na kompyuta yangu?"

"Kompyuta yangu," Mama Chapa alimsahihisha. "Sikiliza." Akaandika, na kitu kilichotoka kwenye spika kilikuwa kama punje zinazomwagika kwenye sinia la bati.

"Amesema nini?"

"Amesema rangi unayopaka wewe hubanduka mvua ya kwanza."

"Hajasema hivyo."

"Thibitisha."

Mdogo wake alisimama akisikiliza sentensi ile ikirudiwa na kurudiwa. Hakupata hata silabi. Uso wake Mama Chapa hakuuona, lakini alisikia kiti kikivutwa na mtu akikaa, na hilo lilimtosha. "Kwa hiyo," mdogo wake alisema mwishowe, "nimekununulia sauti nzuri ili uiharibu."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Iharibu basi."

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakuwaambia. Kwa kasi ile, naye hakuwa akielewa. Sentensi za chumvi na rangi alizijua kwa kuwa aliziandika mwenyewe. Alipompa Bibi Harusi kurasa za zamani ambazo Mzee alikuwa akizimeza bila shida, alipata neno hapa na neno pale, na katikati yote ilikuwa punje na bati. Mzee alimchukua miaka kumzoea. Karani hakumpa miaka.

Alijifundisha kwa hasira. Alimwasha Mzee asubuhi, akamsikiliza akisoma ukurasa, kisha akampa Bibi Harusi ukurasa ule ule na kutafuta neno liko wapi ndani ya ile kelele. Aliposhindwa alipiga meza. Aliposhindwa zaidi alimtukana msichana wa watu ambaye hakuwa mtu. "Meno," alimwambia. "Una meno mengi. Mzee hakuwa na meno hata moja na nilimwelewa." Wifi alijifunza kupita kwa vidole vya miguu. Siku moja, wakati Mzee anasoma, alikata katikati ya neno na hakuwaka tena, hata alipochomolewa na kuchomekwa na kubembelezwa. Mama Chapa alikaa na mkono juu ya sanduku mpaka joto lake likaisha. Kisha akamsogeza ukutani, akamvuta Bibi Harusi mbele, akavaa hedifoni na kukanyaga pedali. Hakukuwa na jambo jingine la kufanya.

Rekodi ilikuwa ile ile ya kufuli, sehemu ya mwisho. Aliandika, Bibi Harusi akamrudishia kwa kasi, akashika nusu, akarudisha, akashika nusu iliyobaki. Aliandika kama mtu anayekusanya nafaka iliyomwagika njiani. Alikuwa amefika kwenye maneno ya mama wa mboga, kwamba hataki mwanawe afungwe, anataka ufunguo tu, na Bibi Harusi alikuwa akiyasoma kwa sauti, aliposikia, kwa sababu hedifoni zilikuwa kimya wakati huo, hodi mlangoni. Alimjua mtu kwa hodi yake, na hii ilikuwa ya mama wa mboga.

Sauti iliendelea, maneno yale yale ya mwenyewe, hatua chache kutoka alipo mwenyewe.

Wifi alikuwa ameshafungua. Mama Chapa hakujua kitufe cha kunyamazisha kiko wapi, kilimtoka akilini kabisa.

"Hiyo redio yenu vipi?" mama wa mboga alisema, akitua beseni. "Mbona haishiki stesheni?"

Wifi alichelewa kidogo tu. "Mbovu," akasema. "Kama mchicha wako wa leo. Huu umeuchuma wapi, jalalani?"

"Jalalani ni kwenye macho yako."

"Nipunguzie."

"Sikupunguzii."

Walivutana hapo mlangoni kwa kelele, na Mama Chapa akapumua. Kisha akagundua kwamba wakati akiwasikiliza wao, Bibi Harusi alikuwa amemaliza kusoma aya nzima, naye hakushika hata neno. Alisonya. Akamrudisha Bibi Harusi mwanzo wa aya kuanza upya.